Ile picha ya mbwa mwitu kwenye theluji: maelezo yake ni chai. Kiongozi wa kweli wa kundi ni nani?

Jongoo wa Mjini

Wakuu, habari za muda huu.

Naamini kila mtu humu ameshatumiwa ile picha. Mbwa mwitu zaidi ya ishirini wamejipanga mstari mmoja kwenye theluji, imepigwa kutoka juu. Chini yake kuna maelezo: watatu wa mbele ni wazee na wagonjwa, ndio wanaopanga mwendo ili wasiachwe, nyuma yao wenye nguvu, katikati kundi, na mwisho kabisa, peke yake, "alfa", anayeona kila kitu na kuamua kila kitu. Nimeikuta kwenye magrupu ya ukoo, ya kanisa, ya vikoba. Mwezi uliopita mtoa mada mmoja aliyelipwa vizuri tu alituwekea ukutani kwenye semina ya kazini, na watu wakapiga makofi.

Picha yenyewe ni halali. Ilipigwa na watu wa BBC waliokuwa wanatengeneza vipindi vya wanyama wa nchi za baridi, vikaonyeshwa mwaka 2011. Ni kundi la mbwa mwitu 25 katika Hifadhi ya Taifa ya Wood Buffalo, Kanada, wakiwinda baisoni, wale nyati wa Amerika wenye nundu. Maelezo yaliyotoka na picha hiyo mara ya kwanza yanasema kinyume kabisa cha tunachotumiana: aliye mbele ni jike kiongozi, na wanatembea mstari mmoja ili kuokoa nguvu kwenye theluji ya kina. Wa mbele anapasua njia, wengine wanakanyaga humo humo. Hakuna wagonjwa waliotangulizwa wala bosi aliyebaki nyuma anakagua.

Sasa, kisa cha kweli cha uongozi wa mbwa mwitu kipo, na kwa maoni yangu kinazidi hiyo chai kwa mbali. Kinatoka kaskazini zaidi ya hapo, kisiwa cha Ellesmere. Nitashusha kidogo kidogo kadiri nitakavyopata nafasi.

Nyamitako

Nipo siti ya mbele na karanga zangu. Tiririka mkuu.

Simba Dume

Hata kama maelezo si ya kweli, ujumbe ni mzuri. Kiongozi anakaa nyuma anaangalia watu wake. Tatizo liko wapi?

Bibi Shamba

Jongoo, kabla hujaendelea naomba ueleweshe sisi wengine. Mbwa mwitu unaowasema ndio hawa wenye mabaka wa Ruaha na Selous, au wengine?

Jongoo wa Mjini

Shikamoo Bibi Shamba. Ni wengine. Wa kwetu wenye mabaka na masikio makubwa ya duara ni jamii yao peke yao, damu yao iko mbali. Ninaowazungumzia ni wale wa Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, ndugu wa karibu kabisa wa mbwa wa nyumbani. Wa Aktiki, yaani kaskazini kabisa ya dunia, ni tawi lao: manyoya meupe, masikio mafupi, pua fupi kidogo, kwa sababu kila kiungo kinachojitokeza kinapoteza joto.

Simba Dume, swali lako nitalirudia. Kwanza tufike kisiwani.

Ellesmere ipo Nunavut, kaskazini ya mwisho ya Kanada, ng'ambo ya Greenland. Ukubwa wake ni karibu kilometa za mraba 196,000, pungufu ya Uganda, lakini kijiji cha raia ni kimoja tu, Grise Fiord, tena kiko pwani ya kusini. Wainuit, wenyeji wa asili wa Aktiki, walihamishiwa hapo na serikali kuanzia 1953, na hicho ni kisa kingine chenye uchungu wake. Upande wa magharibi, karibu nyuzi 80 kaskazini, kuna kituo cha hali ya hewa kinaitwa Eureka, kilianzishwa 1947. Jua linazama mwishoni mwa Oktoba na kurudi Februari. Hiyo Februari wastani wa joto ni kama nyuzi 38 chini ya sifuri. Mvua na theluji ya mwaka mzima ukiiyeyusha ni kidogo kiasi kwamba wataalamu wanaiita jangwa.

Hapo ndipo mtafiti wa Kimarekani L. David Mech alipoanza kwenda mwaka 1986, akarudi kiangazi baada ya kiangazi kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwa nini huko, wakati kwao Minnesota mbwa mwitu wapo? Kwa sababu wa Minnesota wanaishi msituni, na karne nyingi za risasi na mitego zimewafundisha kumkimbia binadamu. Ukiwaona, umewaona mgongo. Wa Ellesmere hawakuwa na historia hiyo. Pori halina mti hata mmoja, kwa hiyo unaona mpaka macho yachoke. Mech alipowazoesha akawa anakaa jirani na pango lao, anawafuata kwa pikipiki ya magurudumu manne wakienda kuwinda, na wao wanaendelea na shughuli zao kana kwamba hayupo.

Ninachotaka mkishike ni hiki: karibu kila tulichokuwa tunaambiwa kuhusu "alfa" kilitoka kwa mbwa mwitu waliofungiwa.

Kifaru Mweusi

Waliofungiwa wapi? Fafanua hapo.

Jongoo wa Mjini

Mwaka 1947 mtaalamu wa Uswisi, Rudolf Schenkel, alichapisha utafiti kuhusu mbwa mwitu wa bustani ya wanyama ya Basel. Walikuwa mpaka kumi, kwenye uzio wa kama mita 10 kwa 20. Wanyama wasiojuana, hawana pa kukimbilia, wanaletewa nyama na mtu. Wakapigana. Mshindi wa madume na mshindi wa majike wakawa juu, na Schenkel akawapa zile herufi za Kigiriki.

Mech mwenyewe aliandika kitabu kikubwa kuhusu mbwa mwitu mwaka 1970, akaiweka humo hiyo alfa, na kitabu kikauzwa mno. Ndicho kilichoisambaza dunia nzima. Halafu akaenda Ellesmere, akakaa na familia moja kiangazi baada ya kiangazi, na alichokiona hakikufanana na Basel. Mwaka 1999 akaandika makala akisema wazi kwamba neno hilo halifai kwa kundi la porini. Kwenye makala hiyo anasema katika viangazi 13 vya kulitazama kundi la Ellesmere hakuona hata mara moja mbwa mwitu wakigombea cheo. Hata mara moja, Simba Dume. Kwa miaka akawa anamwomba mchapishaji aache kukitoa kile kitabu cha zamani, na 2022 hatimaye kikaachwa kuchapishwa.

Sasa kama hawagombei, kiongozi anapatikanaje? Anapatikana kwa kuzaa. Kijana wa kike anaondoka kwao akiwa na mwaka mmoja, miwili au mitatu, kijana wa kiume anaondoka kwao, wanakutana, wanapata eneo lisilo na mwenyewe, wanazaa. Watoto wanakua, mwaka unaofuata wanazaliwa wengine, wakubwa wanabaki kwa muda kusaidia, kisha nao wanaondoka. "Kundi" ni baba, mama, watoto wa mwaka huu, wa mwaka jana, pengine wa mwaka juzi. Alfa ni mzazi. Hakuna aliyempindua mtu.

Nyamitako

Daah. Kwa hiyo hawa vijana wanaojiita alpha male mitandaoni maana yake ni baba wa watoto saba anayetafuta nyama ya kupeleka nyumbani?

Jongoo wa Mjini

Ndiyo maana yake, na nyumbani anapokelewa kwa kulambwa mdomo mpaka atapike.

Sitanii. Watoto wa Ellesmere wanazaliwa mwishoni mwa Mei au Juni, ardhi bado imeganda, na wanakuwa wachache, mara nyingi wawili watatu. Wiki za mwanzo mama hatoki pangoni, ni kunyonyesha na kuwapa joto. Chakula chake analetewa na dume, na watoto wakubwa nao wanaleta. Watoto wakianza kutoka nje, kila mkubwa anayerudi mawindoni wanamkimbilia, wanamzunguka, wanaingiza pua kwenye kona za mdomo wake. Akiinamisha kichwa tu, mbavu zinabana mara mbili tatu, inatoka nyama yenye mvuke, nyekundu bado, na imekwisha kabla mtu hujahesabu mpaka kumi. Kwa njia hiyo nyama inasafiri kilometa nyingi bila kuganda wala kuibwa. Mdomoni utabeba paja moja. Tumboni unabeba kilo kadhaa.

Pango la kundi lile lilikuwa kwenye mwamba, na mifupa ya kale iliyokutwa hapo ilipopimwa umri, Mech na mwenzake Jane Packard waliona kuna uwezekano mbwa mwitu wamelitumia kwa karne kadhaa. Mwenye ramani ya urithi ashuke hapa aniambie kiwanja gani mjini kina historia hiyo.

Simba Dume

Sawa, mzazi. Lakini bado kuna mkubwa na mdogo. Wanyama bila nidhamu hawawindi.

Jongoo wa Mjini

Mkubwa yupo, sijakataa. Mdogo akimkaribia mzazi anashusha mwili, masikio nyuma, mkia chini. Hata jike mzazi humfanyia dume hivyo. Lakini tazama cheo hicho kinatumika wapi. Mech anasema kazi yake kubwa inaonekana kwenye kugawa chakula. Mzoga ukiwa mkubwa, wanakula wote kwa pamoja na hakuna anayepanga foleni. Mzoga ukiwa mdogo, wazazi wanaushika wao, na wanaweza kuwanyima vijana wakubwa ili wa pangoni washibe. Kijana wa miaka miwili akinyimwa vya kutosha anaanza kufikiria maisha yake, anaondoka. Ndivyo cheo kinavyofanya kazi: wadogo wanaishi na wakubwa wanasukumwa wakajitegemee.

Halafu kuna sheria moja naipenda sana. Kipande kikishafika mdomoni mwa mnyama, hata awe wa mwisho kabisa kundini, ni chake. Atamngurumia mkubwa yeyote anayesogeza pua. Wazazi wanaweza kujaribu kumnyang'anya, lakini haki ya kukilinda anayo.

Kuhusu mbele na nyuma kwenye safari: wazazi ndio wanaotangulia mara nyingi, Ellesmere na pia Yellowstone kule Marekani, ambako watafiti walihesabu kabisa na kukuta wazaao wameongoza sehemu kubwa ya mwendo. Jike na dume wanapokezana. Vijana wakati mwingine wanatangulia, halafu wanasimama wanageuka kutazama kama wazee wanakuja.

Baridi Kali

Niko Edmonton, Kanada, mwaka wa sita huu, niongezee kitu kwa wasioijua hiyo nyuzi 38 hasi. Hapa ikifika 35 hasi, usiku gari unalichomeka kwenye umeme ili injini isigande, asubuhi ukivuta hewa matundu ya pua yanashikana, na kope za chini na za juu zinaanza kugandana ukipepesa taratibu. Na hapo unakwenda dukani, dakika nne. Hao wanalala nje miezi. Wanafanyaje miguu isikatike?

Jongoo wa Mjini

Pole na baridi mkuu. Miguu ndiyo sehemu ya ajabu kuliko zote. Mshipa unaopeleka damu ya moto kwenye wayo umelala bega kwa bega na mishipa inayorudisha damu baridi. Joto linahama njiani, linarudi mwilini kabla halijafika chini. Wayo wenyewe unabaki karibu kabisa na kiwango cha kuganda, lakini haugandi. Ukiufanya wa moto utayeyusha theluji na kupoteza joto bure. Ukiuacha kabisa, unakufa. Mengine ni manyoya ya tabaka mbili, na kulala umejikunja pua imefunikwa na mkia.

Baridi haiwasumbui kiasi hicho. Kinachowaua ni njaa. Sasa twende kwenye mawindo, maana huko ndiko uongozi unakopimwa.

Chakula ni maskoksi na sungura wakubwa weupe wa Aktiki. Maskoksi ni mnyama mwenye manyoya marefu yanayokaribia kuburuza chini, pembe zake zimeungana kipajini zikawa ngao. Dume linaweza kupita kilo 300. Wakiona mbwa mwitu hawakimbii. Wanakusanyana, matako ndani, pembe nje, ndama wamebanwa katikati. Mbwa mwitu akiingia kwenye duara hilo anatoboka.

Kwa hiyo wanafanya nini? Mara nyingi hawafanyi kitu. Wanazunguka, wanalala chini mita chache wakitazama, wanasimama tena, wanajaribu upande ule. Duara likikaa imara wanaondoka, tumbo tupu. Wakipata bahati, mmoja wa maskoksi anapoteza uvumilivu, anatoka kumkimbiza mbwa mwitu, duara linapasuka, na kundi zima linaanza kukimbia. Hapo ndipo ndama wanabaki nyuma ya mama zao. Mwaka 1986 Mech na mpiga picha Jim Brandenburg walishuhudia shambulio la namna hiyo, na ndama watatu wakauawa katika pambano moja. Wanachoshindwa kula wanakizika, hasa sungura, kisha wanarudi siku nyingine kufukua.

Hapo hakuna anayetoa amri, wakuu. Wazazi wanatangulia kwa sababu wameshafanya mara nyingi zaidi. Kijana anajifunza kwa kukimbia nyuma yao na kukosea.

Kifaru Mweusi

Na miezi ile ya giza? Mtafiti si anakwenda kiangazi tu. Nani alijua wanafanya nini Desemba?

Jongoo wa Mjini

Hakuna aliyejua mpaka 2009. Julai mwaka huo Mech na Dean Cluff, mtaalamu wa wanyama wa serikali ya Northwest Territories, walimvisha dume mmoja kola yenye GPS, wakamwita Brutus. Kundi lake lilikuwa na wanyama wasiopungua 20. Kola ilikuwa inatuma mahali alipo mara mbili kwa siku kupitia setilaiti, na wao wamekaa kwao wanatazama nukta kwenye ramani.

Giza likaingia, joto likashuka chini ya 40 hasi, na nukta hazikutulia. Kundi liliendelea kutembea usiku wa miezi minne karibu sawa na wenzao wa kusini wanaoona jua kila siku. Walivuka bahari iliyoganda mpaka kisiwa cha jirani, Axel Heiberg, wakarudi. Eneo walilozunguka lilizidi kilometa za mraba 6,000. Chukua Unguja nzima, iweke humo mara tatu bado chumba kinabaki. Nusu ya jibu la swali la "wanaishije" ni hiyo tu: hawasubiri chakula kije. Aprili 2010 nukta zikaganda mahali pamoja. Brutus alikuwa amekufa.

Nyamitako

R.I.P. Brutus. Umenitia simanzi usiku huu na sijamjua hata siku moja.

Kasuku wa Narok

Mimi ni Mkenya, niko Narok, naingilia tu kidogo. Huku Mara fisi wako na mpangilio tofauti kabisa na hao wako. Kwa fisi madoadoa jike ndiye mkubwa, na cheo kinarithiwa: binti anachukua nafasi chini tu ya mamake, hata kama ni mtoto mdogo na wengine ni majike wazima. Profesa Kay Holekamp amewafuata tangu 1988, vizazi na vizazi. Kwa hivyo mtu akitaka hadithi ya ufalme na nasaba, aje kwa fisi. Mbwa mwitu ni nyumba ya watu wawili na watoto wao, basi.

Simba Dume

Sasa fisi naye tumuweke kwenye semina za uongozi? 😂

Kasuku wa Narok

Wengine wameshawekwa tayari, hawajui tu.

Dereva wa Ruaha

Nimeona uzi umenoga. Naendesha wageni Ruaha, acha niseme la hawa wenye mabaka wa kwetu, maana wanadharaulika. Kwanza, kwenye mzoga watoto wanaachiwa wale mwanzo, wazima wanasimama pembeni kulinda. Nimeona mara nyingi: vitoto vimezama mpaka masikioni, wakubwa wamesimama ndimi nje, mate yanadondoka, wanangoja.

Pili, mwaka 2017 watafiti walitoa matokeo kutoka Botswana: kabla ya kuondoka kwenda kuwinda, mbwa mwitu wanakusanyana, wanasalimiana, na wanapiga chafya. Chafya zikiwa nyingi, safari inakuwepo. Zikiwa chache, wanalala tena. Mkubwa akianzisha yeye, chafya chache zinatosha. Akianzisha mdogo, inabidi zipigwe nyingi. Kura hiyo, mnaipigia nini makofi picha za theluji?

Bibi Shamba

Wajukuu, hapa mmenifurahisha. Kura ya chafya! Na haina wizi.

Jongoo wa Mjini

Dereva, asante sana kwa madini hayo.

Nimalizie kipande kizito, maana msije mkadhani wazazi wakiwa hodari basi kundi lina uhakika. Kiangazi cha 1997 theluji ilianguka mapema mno kwenye eneo la Eureka, ikarudia 2000. Maskoksi na sungura wanategemea wiki hizo chache za majani kujaza mafuta ya mwaka mzima. Zikikatwa, wanaingia kwenye giza wakiwa wamekonda. Wengi walikufa, na waliobaki hawakuzaa. Mbwa mwitu wakapungua, na ikafika mahali Mech anakwenda na hakuti watoto pangoni. Majike walewale, eneo lilelile, uzoefu uleule. Mwili wa jike usipokuwa na akiba hauzai, na usipozaa hakuna kundi la mwaka kesho.

Ilichukua miaka. Sungura walianza kurudi, maskoksi wakafuata, na kufikia katikati ya miaka ya 2000 watoto walikuwepo tena. Mtoa mada wa semina hana slaidi ya hiyo.

Simba Dume, ulisema ujumbe wa picha ni mzuri. Mimi naona una kasoro moja: unampa mkubwa ruhusa ya kukaa nyuma na kuita kukaa huko ni kazi. Kwenye theluji halisi aliye nyuma ndiye anayetembea kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa, ndiye anayetumia nguvu kidogo kuliko wote.

Simba Dume

Hapo umenigusa mkuu. Lakini wagonjwa na wazee je? Kwenye picha angalau wanatunzwa. Huko kwako wanaachwa?

Jongoo wa Mjini

Swali zuri, na jibu lina pande mbili. Kwenye kundi la Ellesmere Mech aliwahi kumwona jike aliyepita umri wa kuzaa akiwa bado yumo, huku jike mdogo, ambaye yaelekea ni bintiye, ndiye anayezaa. Hakufukuzwa wala kuuawa. Upande wa pili, hakuna anayepunguza mwendo wa kundi zima kwa ajili ya asiyeweza kutembea. Anafuata kwa kasi yake, akifika anakuta kilichobaki.

Kifaru Mweusi

Mzazi mmoja akifa inakuwaje?

Jongoo wa Mjini

Inategemea ukubwa wa familia na umri wa watoto. Wakati mwingine anaingia mgeni kutoka nje na kuziba pengo, kwa kuwa watoto wa nyumba hawaoani na mzazi kwa kawaida. Familia ikiwa ndogo mara nyingi inasambaratika, kila mmoja anashika njia yake.

Na njia hizo zinafika mbali. Greenland ya mashariki mbwa mwitu walimalizwa kabisa miaka ya 1930, wawindaji wa manyoya waliwawekea sumu. Miaka arobaini hivi hapakuwa na kitu. Mwaka 1979 wakaanza kuonekana tena, wamekuja kwa miguu kutoka kaskazini, upande huo huo wa Ellesmere. Miaka michache baadaye walikuwa wanazaa huko. Hakuna binadamu aliyewapeleka.

Baridi Kali

Hii ya Greenland sikuijua kabisa. Mkuu, mtu akitaka kwenda Ellesmere anapitia wapi? Nipo nchi hiyo hiyo eti.

Jongoo wa Mjini

Kaskazini ya kisiwa kuna hifadhi ya taifa inaitwa Quttinirpaaq. Unapanda ndege mpaka Resolute, kutoka hapo mnakodi ndege ndogo, na gharama ya kukodi ndiyo inayorudisha watu nyumbani. Hakuna hoteli, unabeba hema na chakula chako. Na mbwa mwitu kuwaona ni bahati, unaweza kumaliza safari umeona sungura tu.

Dereva wa Ruaha

Baridi Kali, hela ya hiyo ndege ndogo njoo nayo nyumbani. Juni mpaka Julai hivi wa kwetu wanakuwa na watoto kwenye mashimo, hawahami, wanarudi palepale kila siku. Na ukipita Serengeti, wale tuliokuwa tunawaambia wageni kuwa ni bweha wa dhahabu, vipimo vya vinasaba vya 2015 vilionyesha wako karibu zaidi na hao mbwa mwitu wa Jongoo kuliko na bweha. Wageni wangu wengine bado wanabishana na mimi, wameshika kitabu cha zamani.

Baridi Kali

Nitumie namba yako PM. Na uniambie nije na koti au hapana.

Dereva wa Ruaha

Asubuhi saa kumi na mbili, gari wazi, Julai? Njoo nalo.